Robi Hakupiga Magoti

Boti za kutoka Kinesi zilikuwa zimefika, na soko la Mwigobero, mjini Musoma, lilikuwa limejaa mpaka ukingoni mwa maji, pale Robi alipokanyaga mkono wa mtu.

Mwenye mkono alikuwa amelala kifudifudi katikati ya meza za sato na beseni za furu, simu ameishika mbele ya uso wake, chini kabisa, karibu iguse mchanga. Robi alikuwa amevaa viatu vya wazi na sketi ya kitenge ya rangi ya ndizi mbivu, aliyoishona mwenyewe. Alitazama mkono. Akatazama simu. Kisha akatazama sketi yake.

"Wewe kaka, unafanya nini huko chini?"

"Narekodi soko, dada."

"Soko liko huku juu. Huko chini kuna nini zaidi ya miguu ya akina mama?"

Sauti ya Robi haikuwa ya kelele, ila ilifika mbali. Jumapili alikuwa akisoma somo la kwanza kanisani, na spika ikizimika hakuna aliyegundua. Wauza samaki waligeuka. Mama mmoja aliweka kisu juu ya meza, akakaza kanga kiunoni.

"Anachungulia watu huyo," alisema. "Mnyang'anyeni simu."

Kijana aliinuka. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake jeupe lilikuwa limebaki jeupe mgongoni tu. Mbele lilikuwa na mchanga na magamba. Hakubishana. Alimpa Robi simu yake.

"Angalia mwenyewe. Ukikuta sketi ya mtu, mwite polisi."

Robi akaangalia. Miguu ya meza ilikuwa imesimama kama magogo ya boma. Kichwa cha sangara kilining'inia ukingoni, mdomo wazi. Mkono wa mtu ulishuka kutoka juu, ukachukua kitu, ukapotea. Robi alijikuta amekunja vidole vya miguu bila kujua kwa nini.

"Mbona inatisha?"

"Ni macho ya mtoto aliyepotezana na mama yake."

"Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

"Hayupo. Nachoraga katuni. Kamera nikiiweka mahali pa macho yake, sina haja ya kumwonyesha akilia."

Robi alimrudishia simu, akawageukia akina mama. "Hana tatizo. Ana wazimu kidogo tu." Wakacheka, kisu kikarudi kwenye samaki.

"Wewe ni Mjita," Robi alimwambia yule kijana.

"Umejuaje?"

"Nimekukanyaga, halafu wewe ndiye umeniita dada kwa upole."

"Na wewe ni Mkurya."

"Umejuaje?"

"Umenikanyaga, na mpaka sasa hujaniomba radhi."

Robi alitaka kukasirika, akashindwa. Kijana alijipangusa magamba, akasema anaitwa Enoka, anatokea Kibara, anaishi Nyasho, hapahapa mjini, na kwamba anatafuta sauti ya msichana kwa ajili ya katuni. "Sauti kama hiyo iliyotaka kuniletea kipigo."

Chumba cha kazi cha Enoka kilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Palikuwa na kompyuta, feni, na kochi ambalo nusu yake ilikaliwa na nyaya. Enoka hakusomea kazi ile popote. Alijifundisha mwenyewe, kwa kurudia kitu kimoja mpaka kikubali, na alikuwa na tabia ya kutotoa maoni juu ya kitu kabla hajakizunguka pande zote. Shirika moja lililokuwa na ofisi Bunda lilikuwa limempa kazi ya katuni fupi kuhusu msichana anayekataa kuozwa. Msichana wa kwenye katuni aliitwa Gati.

Robi alikuja jioni, baada ya kufunika cherehani yake. Alisoma maneno ya Gati, akayasoma tena.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi na madam Brenda, mratibu wa shirika."

"Nyie hamjawahi kukataa kitu. Mtu akikataa hatoagi hotuba."

"Anasemaje?"

"Anasema: siendi."

"Basi?"

"Basi. Mimi nilisema hivyo."

Ndipo akamsimulia. Kwao ni mbele ya Kiabakari, upande wa Butiama. Alipomaliza kidato cha nne, baba yake, mzee Mseti, aliwaita wazee uani. Alikuwepo pia mtu mwenye ng'ombe wengi, aliyekuja kuposa. Robi aliitwa akaulizwa, kwa kutimiza desturi tu, maana jibu lilikuwa limeshatolewa na wengine. Akasema, "Siendi." Kesho yake akapanda gari la Musoma. Tangu hapo baba yake hakuwahi kusema naye. Mama yake alimsalimia kwa kuvizia, baba akiwa machungani na mifugo.

"Sasa kijijini wanasimuliaga vingine," Robi alisema. "Kwamba nililia. Kwamba niliwaomba wazee wanionee huruma, mama akanitorosha. Nikienda kisimani wananitazama kwa huruma. Sitaki huruma yao. Sikuomba, nilikataa. Tumia kisa changu, Enoka. Jina la Gati libaki, lakini sauti iwe yangu. Nataka waijue."

"Katuni itaonyeshwa Bunda, na wazazi wa vijiji vya kwenu wamealikwa. Baba yako anaweza kuwepo."

"Ndiyo maana."

Siku zikapita, na kochi likapungua nyaya. Robi alipenda kumtazama Enoka akifanya kazi. Siku moja alimwomba amweleze kamera iko wapi, maana kwenye meza haoni kamera yoyote.

"Iko humu ndani ya kompyuta. Ni mahali tu pa kutazamia. Mtazame Gati. Sura yake sijaigusa, macho yale yale, mdomo ule ule." Akaipandisha kamera juu ya kichwa cha msichana. Gati akawa mdogo, uwanja ukawa mpana. "Anaonekanaje?"

"Kama kavunja sahani ya watu."

Akaishusha hadi usawa wa macho. "Sasa?"

"Sasa ananitazama."

Akaipeleka chini kabisa, karibu na vidole vya miguu. "Na sasa?"

"Sasa ni mimi niliyevunja sahani."

Enoka alicheka kimyakimya, mabega yakitikisika.

"Na akiogopa?" Robi aliuliza.

"Tunaingia ndani ya macho yake. Mwenye hofu haoni sura za watu. Anaona kifungo kimoja cha shati. Anaona kucha."

"Na akipenda?"

Enoka aliondoa mkono kwenye mausi. "Akipenda, kamera inachelewa kuondoka."

"Inachelewa mpaka lini?"

"Mpaka mwenye sura aseme kitu."

"Mimi sisemi kitu," Robi alisema, na hakusema.

Baada ya hapo simu zilikuwa nyingi.

"Bwana Kamera, umekula?"

"Nimekula, mpenzi."

"Nini?"

"Ugali wa muhogo."

"Hicho siyo chakula, hiyo ni gundi."

"Ndiyo inayonishikisha kwako."

"Ona huyu. Nani kakufundisha maneno?"

"Kuna Mkurya mmoja ananigombezaga kila siku. Nimeshaanza kuelewa lugha yake."

Flora, mwenye duka alimoshonea Robi, alizoea kumwona akicheka peke yake na sindano mdomoni. Alimwonya kwamba ataimeza.

Kipande cha uani Enoka alikiacha mwisho kwa sababu alikiogopa. Alipokimaliza akampigia aje. Robi alikuja na gauni la bluu la mikono mifupi iliyovimba mabegani, nywele kasuka upya, na mafuta ya karafuu yakimtangulia mlangoni. Enoka akamkalisha, akabonyeza.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti. Kamera ilikuwa mahali pa macho ya baba, juu, ikitazama chini. Na pale chini, katikati ya uwanja mkubwa, alikuwepo Gati, kapiga magoti, mikono kaikutanisha, uso kauinua. "Siendi," alisema. Ilikuwa sauti ya Robi, neno lake, vilevile alivyolirekodi. Ila likitoka kwa mtu mdogo vile, lilikuwa ombi.

"Rudisha," Robi alisema. Enoka akarudisha. "Tena."

"Unaonaje? Nimeweka kamera kwenye macho ya baba ili kila baba ukumbini ajikute amekaa pale. Aone anachokifanya. Madam Brenda kaiona, amelia."

"Amelia." Robi alichukua mkoba wake. "Wakati nakusimulia, Enoka, nilidhani umekaa upande wangu. Kumbe ulikuwa umekaa na wazee."

"Robi, mpenzi. Ni kamera tu."

Hapo ndipo alipoharibu. Mtu aliyekuwa amemfundisha kwamba mahali pa kutazamia panaweza kumgeuza mtu bila kuigusa sura yake, leo anamwambia ni kamera tu. Robi alifunga mlango nyuma yake taratibu, na Enoka angependa zaidi kama angeubamiza.

Simu ya Enoka haikupokelewa. Mara nyingine alipopiga, aliyepokea ni Flora.

"Robi yupo?"

"Anasema hayupo."

"Anasema akiwa hapo?"

"Yuko hapa mbele yangu, anashona. Ananiambia nikwambie hayupo."

Enoka alifanya alichokijua. Alirudi kwenye kompyuta, akaishusha kamera kutoka kwenye macho ya baba hadi usawa wa macho ya Gati. Aliona kwamba sasa msichana haonekani mdogo tena. Akamtumia Robi kipande kwenye simu. Jibu lilikuja kwa sauti, na nyuma yake cherehani ilikuwa inaendelea kulia.

"Umeiteremsha kamera mpaka chini nilipo. Asante. Sasa niambie, nani alikwambia nilikuwa chini? Mimi nilikwambia nilipiga magoti?"

Enoka alikaa akikumbuka maneno yake yote, moja baada ya jingine. Hakuna mahali alipotaja magoti.

Yalitoka wapi, basi? Alijua. Yalitoka Kibara. Dada zake walipiga goti kumsalimia baba, walipiga goti kumpa maji ya kunawa, walipiga goti mama alipowaita. Hakuwahi kumwona binti akizungumza na wazee akiwa wima. Mkono wake ulichora magoti kama unavyochora pua, bila kumuuliza mwenyewe. Kwake yalikuwa heshima. Alikuwa ametaka kumchora Robi kama binti mwenye adabu, na akawapa watu wa kijijini uongo wao, wenye rangi na sauti.

Alipiga tena. Safari hii Robi alipokea mwenyewe.

"Siku ya Bunda nitakuja," alisema kabla hajasalimiwa. "Hicho kipande kikifika nitasimama mbele ya watu wote niseme ni uongo. Usije ukasema sikukwambia."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa, njoo."

Robi alikata simu. Alikuwa amejiandaa kubembelezwa, na kutobembelezwa kulimkasirisha kuliko katuni.

Enoka alishuka Kiabakari siku iliyofuata, akachukua bodaboda hadi kwa akina Robi. Angeweza kumsimamisha Gati palepale kwenye kiti chake Nyasho, lakini alikuwa amekwisha kuchora mara moja bila kuuliza.

Mzee Mseti alikuwa uani, kakaa kwenye kigoda, akisokota kamba ya katani. Kofia yake ya pama ilikuwa imechakaa ukingoni, na miguu yake mirefu kaikunja kama nzige.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni chanjo ya ng'ombe, wenzako walishapita."

"Siyo chanjo. Naitwa Enoka, natokea Kibara. Nachoraga katuni."

"Kibara ya ziwani? Samaki umeleta?"

"Sikuleta, mzee."

"Umeleta nini?"

"Swali. Siku ile, Robi alisimama wapi?"

Kamba ilisimama. Ndama mmoja alilia nyuma ya nyumba, akajibiwa na mama yake.

"Hapa wote wanasema alilia," mzee alisema. "Nani kakwambia wewe kwamba alisimama?"

"Yeye mwenyewe."

"Na wewe ukamwamini."

"Nilichelewa, mzee. Ndiyo maana niko hapa."

Mzee Mseti aliweka kamba chini. Kisha akainuka, akamwonyesha kigoda. "Kaa."

Enoka akakaa. Kigoda kilikuwa kifupi sana, magoti yakamjia kifuani. Na uwanja wote ukabadilika. Ua ulipanda juu, paa likapanda juu, kuku aliyekuwa anapita alipita karibu usawa wa tumbo lake. Kwenye katuni yake aliwakalisha wazee kwenye viti virefu kama vya ofisi ya kata. Alikuwa amekosea magoti, na alikuwa amekosea viti pia. Macho ya baba hayakuwa juu siku ile. Yalikuwa chini.

Mzee alitembea hadi katikati ya uwanja, akageuka. "Alisimama hapa. Nyumbani kwangu binti hapigagi goti. Anasimama, anainamisha macho."

"Naye akainamisha?"

Mzee alijibu kwa mwili. Aliinua kidevu, kama binti yake alivyoinua. Akabaki hivyo, mikono imelala ubavuni. Jua lilikuwa nyuma yake. Enoka hakuweza kumwona sura. Aliona umbo refu jeusi lenye kingo za moto, na akalazimika kuweka kiganja juu ya macho.

"Hivyohivyo," mzee alisema kutoka kwenye mwanga. "Na mimi niliweka kiganja hivyo. Wenzangu wakadhani nalia."

"Ulikuwa unalia?"

"Kijana, umekuja kuchora au kupeleleza?"

"Kuchora, mzee."

"Basi chora jua."

Wakati wa kuagana mzee alimsindikiza hadi njiani. Alitembea mbele, bila kugeuka.

"Wewe na Robi mna nini?"

"Kwa sasa hatuna kitu. Amenikasirikia."

"Kwa lipi?"

"Nilimchora kapiga magoti."

Mzee Mseti alitoa kitu kama kikohozi. Kilikuwa kicheko kilichokaa muda mrefu bila kutumika. "Robi? Huyo anapigaga magoti kanisani tu. Na hapo napo huwahi kuinuka."

Mkutano wa Bunda ulifanyika mchana, kwenye ukumbi ulio karibu na barabara ya Mwanza. Madirisha yalizibwa kwa vitenge ili kupata giza, na joto likabaki humohumo na watu. Malori yalipopita, viti vilitetemeka. Brenda, katika suti yake ya kijivu na kitambulisho kifuani, alikitazama kipande kipya kwenye kompyuta ya Enoka pembeni mwa jukwaa.

"Umebadilisha. Yuko wapi anayepiga magoti?"

"Hakupiga magoti, madam."

"Enoka, sikiliza. Watu wakimwonea msichana huruma, wanamsaidia. Wakimwona mkaidi, wanasema kajitakia. Nimeyaona haya kwa macho yangu." Hakuwa anadanganya. Alikuwa ameyaona, tena mara nyingi, na kuna wasichana waliokuwa shuleni kwa sababu ukumbi fulani ulilia.

"Huenda ni kweli," Enoka alisema. "Lakini huyu hakuomba huruma."

"Weka ile ya kwanza."

"Nimeifuta."

"Umeifuta?"

"Ilikuwa ya uongo." Aliyasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi, ila radhi hakuomba.

"Ukionyesha hii, usinitafute tena kuhusu kazi."

"Sawa, madam," Enoka alisema, na akabonyeza.

Robi alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Alivaa gauni refu jekundu, kilemba cha kitambaa hichohicho, na hakukubali kiti alichopewa. Alimwona baba yake safu ya pili, kofia ya pama magotini. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Musoma. Katuni ikaanza, Gati akateka maji, Gati akaitwa uani. Robi alivuta pumzi.

Kamera ilikuwa chini. Vidole vya miguu vya msichana viliingia kwenye uwanja, vikasimama. Kamera ilipanda polepole, ikafuata pindo la gauni, mikono iliyolala ubavuni, shingo, kidevu kilichoinuliwa. Nyuma ya kichwa lilikuwepo jua. Ukumbi mzima ulijikuta umekaa kwenye kigoda. Kisha kiganja kikubwa cha mzee kikapanda mbele ya kamera, kikakinga nusu ya mwanga.

"Siendi," alisema Gati.

Hapakuwa na muziki. Palikuwa na ndama aliyelia mbali, basi.

Maneno yote aliyoyapanga Robi yalikosa kazi. Alishika fremu ya mlango. Bibi mmoja mbele alisema, bila kumwambia mtu yeyote, "Hiyo sauti ni ya mtoto wa Mseti." Na mwingine akamjibu, "Si walisema alilia?"

Vitenge vilipofunguliwa madirishani, Brenda aliuliza kama kuna mzazi mwenye la kusema. Halafu mzee Mseti akainuka, kofia mkononi.

"Mguu mmekosea," alisema. "Alitanguliza wa kulia. Nyie mmechora wa kushoto." Akafikiri. "Mengine yote ni kweli. Nilikuwepo."

Akakaa. Ukumbi uliguna, wengine wakageuka kumtafuta mwenye sauti, wakamkuta mlangoni kasimama, na safari hii macho yao hayakuwa na huruma. Robi aliwatazama mmoja mmoja mpaka wakageuka mbele.

Nje, baba yake alimpita, akasimama hatua chache mbele.

"Mama yako anasema huwa unakujaga nikiwa machungani."

"Ndiyo, baba."

"Uje nikiwepo."

"Nitakuja. Ila sijabadilika, baba."

"Nimekwambia ubadilike?" Akavaa kofia yake, akaenda kutafuta gari lililowaleta.

Enoka alikuwa kwenye kibaraza cha duka la jirani, begi la kompyuta begani, chupa ya soda mkononi ambayo hakuwa amekumbuka kuinywa. Robi alikaa kwenye benchi, akaichukua soda, akaimaliza nusu.

"Ulienda kwetu."

"Nilienda."

"Bila kunishirikisha."

"Simu yako anapokeaga Flora."

Robi alibana mdomo ili asicheke. Lori la mahindi lilipita, wakalisubiri.

"Nisamehe," Enoka alisema. "Nilikuchora kabla sijakuuliza."

"Na nikikusamehe, utaniuliza?"

"Kila mara. Utachoka."

"Nichoke. Kazi umepoteza?"

"Ya hapa, ndiyo."

"Unajuta?"

"Nina njaa. Majuto bado hayajafika."

Hapo alicheka, akamwegemea begani, kilemba kikaenda upande. Enoka alikirudisha kwa vidole viwili, kwa uangalifu, na mkono wake ukachelewa kuondoka. Robi hakusema kitu.

"Nataka kukupeleka Kibara," Enoka alisema. "Kwa mama."

"Kama nani?"

"Kama mke wangu. Nauliza."

"Nimesikia unauliza." Robi alinyoosha gauni lake magotini. "Mimi ninakutaka, Enoka. Hilo liko wazi. Lakini Kibara mama mkwe anapigiwa goti."

"Anapigiwa."

"Mimi sipigi."

"Najua."

"Mama yako atasemaje?"

"Sijui. Tumuulize." Alikuwa ameshatoa simu. Robi alimshika mkono, kisha akauachia. Simu ikaita, ikapokelewa, na Enoka akaweka spika.

"Enoka mwanangu, umekula?"

"Bado, mama. Niko na mtu hapa, anataka kukusalimia."

"Ni yule Mkurya wa sauti?"

Robi alimkazia Enoka macho, akaisogelea simu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kweli sauti unayo."

"Asante, mama. Mama, Enoka anataka nije huko, na mimi nataka kuja. Lakini nikwambie kabla sijafika, usije ukaona nimekudharau. Mimi sipigagi goti. Nitakusalimia nimesimama."

Upande wa pili alisikika kuku, na mfuniko wa sufuria.

"Hata mbele ya wajomba zake?"

"Hata mbele yao, mama."

"Watasema."

"Waseme."

Enoka alifungua mdomo, Robi akatikisa kichwa kumzuia.

"Mimi mpaka leo nawapigia goti shemeji zangu," mama alisema, taratibu. "Na magoti yenyewe yananiuma." Akavuta pumzi. "Muhogo unajua kumenya?"

"Najua, mama."

"Unamenyaga umesimama, au umekaa?"

"Nakaa, mama."

"Basi njoo tukae."